Kabla Hujawachagulia Programu ya Kuchora Bei

Paluku mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako wa Bulengera, na nakujua, hutarudi upesi. Kwa hiyo nimefunga mlango wa depo yetu ya kuhifadhia mzigo, nimekalia gunia tupu, naandika. Hujawahi kupata barua yangu. Sisi wawili ni watu wa kuitana kwa kelele kutoka chumba hiki hadi kile. Lakini haya nikiyasema kwa mdomo utanikatiza katikati, utasema, "Mama, uache, ilishapita," nami nitashukuru moyoni na kunyamaza. Nimeshanyamaza vya kutosha.

Sitakuambia habari za koti, wala dawa, wala nani umpigie simu ukifika Kampala. Dada zako wameshakuimbia hayo wiki nzima. Nataka tuzungumze juu ya programu.

Tangu ile nyumba ya biashara ya kakao ya Kampala ikuchukue na kukuambia kwamba kazi yako ya kwanza ni kuwachagulia programu ya hesabu na michoro ya bei, umekaa mezani na kompyuta kama mtu anayechagua kitenge cha arusi. Hii inachora haraka. Hii inaleta bei za London zenyewe. Hii ni ya bure, lakini ni lazima uiandikie kila hesabu kwa mkono wako. Hii ina mishale, wa kijani ununue, mwekundu uuze. Juzi ukanigeuzia kioo ukaniambia, "Mama, angalia, hii iko na rangi muzuri kupita ile yetu." Nikakujibu vibaya, nikasema, "Hapana uniulize mambo ya rangi," nikatoka kwenda kuhesabu magunia niliyokuwa nimeshayahesabu. Ulidhani nina uchungu kwa sababu unaondoka. Ni kweli nina uchungu. Ila siku ile lililonichoma ni neno "yetu".

Acha nianze mwanzo, hata pale unapopajua, maana wewe unapajua kwa upande wako tu.

Ulimaliza masomo yako wakati kakao ilikuwa imepanda hata watu wakawa kama wamelewa. Huko Beni walikuwa wanang'oa mihogo ili wapande kakao. Hapa Butembo hata waimbaji wa kwaya yetu walikuwa wanaulizana bei ya London kabla ya mazoezi, watu ambao hawakuwahi kushika hata punje moja. Wewe ukaja na ile programu ndani ya flashi, nakala uliyoinunua mjini kwa kijana anayeuza kila kitu, kutoka muziki hadi vitambulisho. Yote ilikuwa kwa Kiingereza. Ukaniambia, "Mama, tukiipa bei kila siku, itatuchorea soko linaelekea wapi." Nikacheka. Halafu ukanichorea mstari wa kwanza, na nikaacha kucheka.

Kazi tuliigawana, unakumbuka. Asubuhi nampigia simu mama yako mdogo Kahindo, kule mtaa wa Ruwenzori mjini Beni, alikokuwa anakusanya kakao ya wakulima ili mimi niitafutie mnunuzi. Naweka simu kwenye spika, yeye anataja bei ya leo, wewe unaiandika ndani ya kompyuta. Mstari unasogea kidogo. Ulikuwa unafurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli, nami nilikuwa nafurahi kukuangalia.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukuambia.

Ile bei haikuwa bei. Sisi wafanyabiashara wa kakao na kahawa, mama zetu walitufunza hivyo, hatutaji bei ya kweli kwenye simu. Kahindo anapopokea, ubavuni mwake wapo wakulima, wapo wanunuzi wengine, yupo hata mwenye mizani wa jirani anayejifanya anafunga kiatu. Soko likipanda, unataja chini kidogo, wakulima wasikupandishie. Soko likishuka, unataja juu kidogo, watu wasishtuke wakakuachia mzigo mikononi. Sisi tunaiita bei ya masikio. Bei ya mizani ni nyingine, hiyo inasemwa gunia likiwa limeshapanda juu ya mizani, kwa sauti ndogo, mkono kwa mkono.

Utaniuliza, basi ulijuaje soko lilivyo, mama? Nilijua kwa salamu. Soko likiwa zuri Kahindo hana muda, anasema bei anakata simu. Likianza kulegea ananiuliza habari za nyumba. Likianguka kabisa anawaulizia ninyi wote mmoja mmoja kwa majina, na kuku pia. Nimeishi na salamu za mdogo wangu miaka mingi na hazikuwahi kunidanganya. Lakini ndani ya programu yako hapakuwa na mahali pa kuandika salamu. Palikuwa na mahali pa namba, na namba nilikupa.

Kwa nini sikukuambia? Nimejiuliza sana, na majibu yote ni mabaya. La kwanza, mambo hayo hayaambiwi mtu ambaye bado hajaingia kwenye biashara, hata kama ni mtoto wako. Mama yangu aliniambia siku aliyoniachia mizani yake, si kabla. Nilikuwa nakuona bado ni mwanafunzi. La pili ni baya zaidi. Nilianza kuupenda ule mstari. Ulikuwa umetulia, unapanda polepole, hauna hata kishindo kimoja. Bila shaka ulitulia! Ulikuwa unachora adabu yetu. Soko likiruka sisi tunalishusha, likianguka tunalinyanyua, na mashine inachora nyuma yetu kwa uaminifu wote. Mimi nilijua hayo, nikajifanya nimeyasahau, kwa sababu majirani walikuwa wameanza kuja kuutazama. Unakumbuka nilivyokutuma uuchape kwa rangi tuutundike ukutani mwa depo? Mwanaume mwenye magari matatu alisimama mbele ya ukuta wangu na kuvua kofia. Hakuna mtu aliyewahi kunivulia kofia kwa kujua salamu za Kahindo.

Halafu ikaja ile wiki. Barabara ya upande wa Beni ilikuwa imefungwa siku kadhaa kwa sababu ya risasi, soko halikufunguka, hapakuwa na bei ya kuandika. Programu ikaunganisha siku ya mwisho na siku ya kufunguliwa kwa mstari ulionyooka, kana kwamba watu walikuwa wameuza na kununua kwa raha muda wote. Siku barabara ilipofunguliwa Kahindo akapiga mwenyewe. Aliniuliza habari zako, za dada zako mmoja mmoja, za jino langu, za kuku. Nilimsikia, Paluku. Masikio yangu yalikuwa mazima. Halafu akaenda mbali na watu, akaongea wazi, kitu ambacho hafanyi.

"Yaya, dada yangu, mie naona tuuzishe sasa. Bale banunuzi ba Kasindi, kwa mupaka, banapita tu na magari, habasimame. Na magunia ya chini imeanza kutoa harufu."

Nikamjibu, "Ngojea kwanza. Mustari ungali unapanda."

"Mustari gani?"

"Wa kompyuta."

Nilisikia kuku wake kwenye simu. Halafu akasema, "Haya yaya. Wewe njo mukubwa."

Hakuamini mashine, usije ukafikiri hivyo. Aliniamini mimi, kwa sababu nilizaliwa kabla yake. Angekuwa mtu baki angeniambia nina kichaa na angeuza siku ile ile.

Yaliyofuata unayajua. Bei ilianguka, ikaendelea kuanguka, na kakao iliyokuwa inangoja ikaota ukungu. Mimi nilipoteza magunia yangu nikabaki na depo. Kahindo alipoteza ya watu, kakao ambayo wakulima walimwachia kwa kumwamini, na alipoona hana la kuwapa aliwapa shamba lake. Shamba lile alilipanda na marehemu mume wake, mti kwa mti. Leo anapita kando yake akienda kuchota maji na wenye shamba wapya wanamsalimia vizuri tu. Aliwaambia dada zako hilo ndilo linalomuumiza, kwamba wanamsalimia vizuri.

Na ule mkutano. Siupendi kuuandika lakini ndio sababu ya barua hii. Tulikaa uani kwa Kahindo, wakulima kwenye mbao, sisi kwenye viti kwa sababu tulitoka mbali. Mmoja wao, mwanaume mpole, hakupandisha hata sauti, akauliza, "Tunataka tu kujua. Ni nani alisema tungojee?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilifungua. Lakini wewe ulikuwa umeshasimama.

"Ni mie," ukasema. "Ni mie njo niliweka ma chiffres, ile manamba ya beyi, mu kompyuta. Mama alifuata tu ile nilimuonyesha."

Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na tope la Ruwenzori, nikaanza kulikwangua kwa kijiti. Nilikuwa nakwangua tope huku mwanangu amesimama mbele ya watu. Yule mwanaume akakutazama, akasema, "Donc, kumbe ni mutoto," na watu wakapumua, wengine wakacheka kidogo kwa huruma. Mambo yakaisha. Mtoto wa shule na mashine yake wamemaliza shamba la mama mdogo. Hadithi nzuri, fupi, hata mimi ningeiamini.

Ukaibeba. Ulizunguka depo zote za Butembo kutafuta kazi na kila mahali walishakuwa na jina lako, yule kijana wa kompyuta. Ulienda hadi Kirumba kwa mwanamke wa maharagwe, tena rafiki yangu, akakupa soda na kukurudisha. Na mimi nilikaa hapa nikakuambia Mungu atafungua mlango. Mlango nilikuwa nimeukalia mimi! Kama Kampala wamekuchukua ni kwa sababu Kampala hawajui. Ndiyo maana unakwenda mbali namna hii, mwanangu, tusidanganyane kwamba ni safari ya maendeleo.

Sasa, hao watu watakuuliza wachukue programu ipi. Mimi sijui majina yake na sitayajua. Nimebaki na hasira tu, lakini hasira nayo inafunza.

Ile yenye mishale waachie wengine. Mshale wa kijani haukai kwenye mkutano. Siku watu watakapokuuliza kwa nini, mshale utakuwa umezimwa pamoja na kompyuta, na wewe ndiye utakayesimama. Mimi naipendelea ile ya bure unayoilalamikia, inayokutaka uandike kila hesabu mwenyewe. Inachosha, sawa. Lakini mtu akiuliza jambo limetoka wapi unaweza kumwonyesha kwa kidole. Na iwe kwa lugha unayoisoma bila kubahatisha. Kile kidirisha cha Kiingereza kilichokuwa kinafunguka kila asubuhi tangu ile wiki ya risasi, ambacho mimi nilikuwa nakuambia, "Kifunge, tuendelee," ulikuja kukitafsiri baada ya mambo kuharibika. Kilikuwa kinasema kuna siku hazina bei. Kilituambia kila asubuhi, maskini, kwa adabu zote, na tukakifunga kila asubuhi.

Kwa hiyo chukua programu inayoacha pengo pale ambapo hakuna soko. Wakubwa wako hawatalipenda pengo, watasema mchoro umeoza, wataomba ulizibe ili mchoro uonekane mzuri mbele ya benki. Usilizibe. Siku ambayo watu wamelala msituni na watoto isichorwe kama siku ya kuuza. Tena angalia mchoro unaanzia wapi chini. Wetu haukuanzia kwenye sifuri, ulianzia juu kule, ndiyo maana kupanda kidogo kulionekana kama mlima. Wewe ulijua hilo, ulinieleza hata, nami nikakuambia uuache hivyo kwa sababu ukutani ulipendeza.

Lakini hata ungechagua iliyo bora kuliko zote duniani, usisahau kuuliza ni nani atakuwa anaipa bei, na huyo mtu anamwogopa nani wakati anaitaja. Huko Kampala nako wana bei za masikio, usinidanganye kwamba hawana. Zitakuja kwako zikiwa zimevaa suti. Nenda mwenyewe kwenye mizani, usimame pale hadi watu wakuzoee na waache kukudanganya. Na uweke mahali pa maneno pembeni ya namba, hata kama watakucheka: leo aliyetupa bei aliuliza habari za kuku.

Nilitaka kuishia hapo. Barua ingekuwa nzuri, ungeilia kidogo ndani ya gari na kuikunja. Lakini kuna jambo la leo.

Leo mchana nilimpigia Kahindo. Tangu shamba liondoke tulikuwa tunasemezana kwa kupitia dada zako tu. Nikamwambia yote, kwamba namba zilikuwa za masikio na nilijua, kwamba wewe hukujua, kwamba niliyesema tungojee ni mimi.

"Nilijua, yaya," akasema. "Nani alinifundisha kusema ile beyi? Si ni wewe?"

Nikalia. Aliniacha nilie, hakunibembeleza. Halafu akasema, "Lakini hapana uambie batu. Mutoto balishamusamehe, juu ni mutoto. Wewe habatakusamehe. Batakuja mpaka kwa depo yako, batakamata kila kitu. Paluku anaenda kesho, muache aende na ile maneno. Itakwisha."

Alisema hivyo kwa upendo, uelewe. Amepoteza shamba kwa ajili yangu na bado ananilindia depo. Na mimi, mama yako, nilimjibu nini? Nilisema asante. Nilikata simu nikajisikia mwepesi. Nikapika, nikala vizuri kuliko wiki nzima, nikarudia hata mboga ya sombe.

Nilipomaliza kula, ulikuwa nyuma ya nyumba na dada yako, mnafunga mzigo, hukujua nipo dirishani. Alikuwa anakuuliza kama umeshachagua kiti. Ukamwambia umeomba cha katikati. Akakushangaa, kwa sababu tangu utoto wako unagombania dirisha. Ukamwambia, "Gari inasimamaka Ruwenzori. Bale balimaji banakuwaka pale kwa barabara. Sipendi banione." Ukasema hivyo kwa kawaida tu, huku unakaza kamba, wala hukuonekana na huzuni, na hilo ndilo lililonimaliza. Ulikuwa umeshazoea. Mwanangu amezoea kujificha kwa ajili yangu kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Nikachukua pikipiki hadi pakingi, pale gari lako linapoanzia, na kulipia kiti cha pili ubavuni mwa chako. Ni cha dirishani. Kitakuwa changu hadi Beni, na baada ya hapo ni chako.

Kahindo nimempigia tena, nimemwambia awaite wale wakulima asubuhi, nitashuka niwaambie mwenyewe. Ameniita mjinga, kisha akauliza kama atapika. Sijui watasema nini. Huenda wakataka depo, na wakiitaka sina neno la kuwanyima. Huenda wasiniamini, waseme mama anamwokoa mtoto wake, maana hadithi yako imeshakaa vichwani mwao na ni tamu kuliko yangu. Sitakupigia simu kukuambia hadi uwe umevuka mpaka, na hata hapo nitaona.

Barua hii nitakupa tukishapita Butembo, uisome nikiwa nimekaa ubavuni mwako ninaangalia nje. Usinishike mkono. Usiniambie ilishapita. Gari halisimami pale muda mrefu, na ninakujua ulivyo, ukiniona mbele ya wale watu miguu yako itanyanyuka yenyewe na utasema tena kwamba ni wewe. Nakuomba, baba. Nikishuka, usishuke.

Mama yako,
Masika